Vijineno vya mazungumzo katika Kiswahili

Vijineno vya mazungumzo ni maneno mafupi kama "kumbe", "mbona", "kwani", "eti", "si", "hebu", "basi" na "tu", ambayo mzungumzaji huyaingiza katika sentensi ili kuonyesha msimamo wake kuhusu jambo analolisema au kuhusu mtu anayemwambia. Kwa kawaida havibadilishi habari yenyewe. Anayesema "Amefika" na anayesema "Kumbe amefika" wanatoa habari moja, lakini wa pili anaongeza kwamba hakutarajia kumkuta aliyefika.

Katika isimu maneno haya huchunguzwa hasa na pragmatiki, yaani tawi linaloangalia maana kwa kuzingatia anayesema, anayeambiwa na mazingira ya mazungumzo. Wataalamu huyaita kwa majina mbalimbali, kama vile partikali au viashiria vya usemi. Makala hii inatumia jina la kawaida "vijineno".

Sifa za jumla

Vijineno vya mazungumzo vina sifa zifuatazo:

- Ni vifupi na havibadiliki umbo. Havichukui viambishi vya ngeli, nafsi wala wakati.
- Vikiondolewa, sentensi kwa kawaida hubaki sahihi na habari yake hubaki ileile. Kinachopotea ni msimamo wa msemaji.
- Havikanushwi. Katika "Kumbe hakulipa" kinachokanushwa ni kulipa, si mshangao. Vilevile, msikilizaji akijibu "Si kweli" anakataa habari, hakatai kwamba msemaji ameshangaa.
- Maana yake hutegemea nafasi katika sentensi pamoja na kiimbo.
- Hupatikana zaidi katika mazungumzo, tamthilia, masimulizi na ujumbe wa simu kuliko katika sheria, ripoti au vitabu vya sayansi.

Vijineno hivi vinakaribiana na vihisishi kama "lo!", "ala!" na "ole!", lakini kuna tofauti. Kihisishi huweza kusimama peke yake kama kauli kamili na hueleza hisia ya msemaji. Kijineno kwa kawaida hujiegemeza kwenye sentensi, na mara nyingi humweleza msikilizaji jinsi ya kuipokea: kama jambo jipya, jambo analopaswa kulijua, jambo la kutiliwa shaka au ombi la upole. Mpaka kati ya makundi haya si mkali. "Kumbe?" yaweza kusemwa peke yake kama jibu la mshangao, na "basi!" yaweza kuwa amri kamili ya kuacha.

Vijineno vya kawaida

Kumbe

"Kumbe" huonyesha kwamba msemaji amegundua jambo ambalo hakulijua, au lililo kinyume na alivyodhani. Mara nyingi dhana ya awali hutajwa kwanza: "Nilidhani ni mgonjwa, kumbe ni mzima." Isipotajwa, msikilizaji huielewa mwenyewe. Mtu akiambiwa "Kumbe unajua kupika!" anasifiwa, lakini papo hapo anaarifiwa kwamba hapo kabla hakudhaniwa kuwa anajua. Ndiyo sababu sifa yenye "kumbe" huweza kuudhi.

Katika hadithi, "kumbe" huashiria mahali ambapo mambo yanageuka. Msimulizi husema "Kumbe yule mzee hakuwa mtu", na wasikilizaji hujua kwamba yote waliyosikia kabla ya hapo wanapaswa kuyafikiri upya.

Mbona

"Mbona" huuliza sababu, lakini si sawa na "kwa nini". Anayeuliza "Kwa nini umechelewa?" anaweza kuwa anataka tu kujua sababu. Anayeuliza "Mbona umechelewa?" anaonyesha kwamba alitarajia mwenzake afike mapema na kwamba jambo hilo limemshangaza au limemkera. Kwa hiyo swali la "mbona" mara nyingi hujibiwa kwa kujieleza au kuomba radhi.

"Mbona" hutumika pia kupinga. Mmoja akisema "Hajarudi safari", mwingine huweza kujibu "Mbona nimemwona sokoni?" Umbo ni la swali, lakini kazi yake ni kutoa ushahidi wa kinyume. Vilevile "Mbona rahisi!" humjibu mtu aliyeona kazi fulani kuwa ngumu.

Kwani

"Kwani" lina kazi mbili. Kati ya sentensi mbili ni kiunganishi chenye maana ya "kwa sababu": "Hakuja, kwani alikuwa mgonjwa." Mwanzoni mwa swali ni kijineno kinachoonyesha kwamba msemaji anatilia shaka jambo ambalo mwenzake ameonekana kulichukulia kuwa la kweli. "Kwani ni lazima?" huulizwa mtu anayezungumza kana kwamba ni lazima. "Kwani wewe hujui?" humaanisha "nilidhani unajua". Likisemwa kwa ukali, kama katika "Kwani wewe ni nani?", huwa changamoto ya wazi isiyotaka jibu.

Eti na ati

"Eti" huonyesha kwamba habari imetoka kwa mwingine na msemaji haitolei dhamana. "Amehama" ni habari ya msemaji mwenyewe. "Eti amehama" ni habari aliyoisikia. Mara nyingi huongeza shaka au dhihaka: "Alikataa kulipa, eti hana pesa" humaanisha kwamba msemaji hasadiki sababu hiyo. Likiwekwa mbele ya nomino peke yake, kama katika "Eti daktari!", hukanusha sifa hiyo kwa kejeli.

"Eti" lina pia matumizi yasiyo na shaka yoyote. Hutumika kumvuta msikilizaji kabla ya swali, "Eti, basi la Tanga limeondoka?", au kumwomba arudie alichosema: "Eti?" Umbo "ati" hutumika kwa maana hizo hizo, na pengine huwekwa mwishoni kwa kusisitiza, kama katika "Twende ati!"

Si

"Si" kama kikanushi hutumika katika sentensi kama "Huyu si mwalimu." Kama kijineno hukaa mwanzoni mwa kauli na hudai kwamba msikilizaji tayari anajua jambo linalosemwa au anapaswa kulikubali: "Si nilikuambia?", "Si unajua bei zimepanda." Mwanafunzi wa Kiswahili huweza kudhani kwamba "Si nilikuambia?" ni ukanusho. Ukanusho wake ungekuwa "Sikukuambia", na maana ya kauli hizo mbili ni kinyume kabisa: ya kwanza inasisitiza kwamba msikilizaji aliambiwa.

Likifuatwa na kitenzi chenye kiishio "-e", "si" hutoa pendekezo: "Si uende kesho?" Pendekezo la namna hii huonyesha kwamba msemaji haoni kizuizi, na humwachia mwenzake nafasi ya kukataa.

Hebu

"Hebu" hutangulia amri au ombi: "Hebu ngoja", "Hebu nione." Humwandaa msikilizaji kutenda na kwa kawaida hulegeza amri, hasa ikiwa jambo linaloombwa ni dogo. Hata hivyo si neno la adabu kwa kila hali. "Hebu toka hapa!" ni kauli kali, na "hebu" ndani yake huonyesha kwamba uvumilivu umekwisha.

Basi

"Basi" ni kijineno chenye matumizi mengi, na nafasi yake katika sentensi ina uzito mkubwa. Mwanzoni huonyesha hitimisho au hufungua sehemu mpya ya masimulizi: "Basi, wakaondoka." Mwishoni mwa amri hugeuka kuwa kubembeleza: "Njoo basi", "Kula basi." Tofauti kati ya "Basi njoo" na "Njoo basi" inaonekana hapa. Ya kwanza humaanisha "kama mambo yako hivyo, njoo". Ya pili hudokeza kwamba mwito ulishatolewa au ulitarajiwa na bado haujaitikiwa.

Tu

Katika "Nina shilingi mia tu", neno "tu" ni kielezi cha mpaka: likiondolewa, habari hubadilika. Kama kijineno kazi yake ni nyingine. "Karibu tu" na "Sema tu" humwondolea msikilizaji wasiwasi. "Nimekuja tu" humweleza mwenyeji kwamba hakuna shida iliyomleta mgeni. "Atakuja tu" haimaanishi kwamba atakuja bila kufanya kingine, bali kwamba hata ikichelewa vipi, kuja atakuja.

Bwana, jamani na aisee

Baadhi ya maneno ya kuitana yamekuwa vijineno. "Bwana" katika "Acha bwana!" halimaanishi tena mwanamume au mwenye cheo, na huweza kusikika hata kati ya wanawake. Huonyesha mazoea na hupunguza makali ya ukanusho au amri. "Jamani" linahusiana na "jamaa" na asili yake ni mwito kwa kundi la watu, lakini sasa husemwa hata kwa mtu mmoja, au bila kumlenga yeyote, kwa kuonyesha huruma, kusihi au kuchoka: "Jamani, nimesema nimechoka." "Aisee", lililotoka katika Kiingereza, husikika sana Tanzania kama njia ya kumwita mwenzako au kuonyesha kwamba jambo limekugusa.

Mpangilio

Vijineno viwili au zaidi huweza kuonekana katika sentensi moja. Baadhi hupenda mwanzo ("kumbe", "mbona", "kwani", "eti", "hebu", "si") na baadhi hupenda mwisho ("tu", "bwana"). "Basi" na "jamani" hukubali pande zote mbili. Kwa hiyo "Hebu njoo basi" ni kauli ya kawaida: "hebu" hufungua ombi na "basi" hulibembeleza. Kauli "Sasa mbona hukusema, jamani?" ina vijineno vitatu: "sasa" huunganisha swali na yaliyotangulia, "mbona" hulalamika, na "jamani" hugeuza lalamiko hilo kuwa la kirafiki.

Kiimbo

Kijineno kimoja huweza kubeba maana tofauti kutegemea sauti inavyopanda na kushuka. "Haya" likisemwa kwa sauti ya kawaida ni kukubali. Likivutwa kwa sauti ya chini huweza kuwa onyo kwamba msemaji amekubali shingo upande. Kwa sababu maandishi hayaonyeshi kiimbo, msomaji hulazimika kukikisia kutokana na muktadha. Sarufi ya Kiswahili ya E. O. Ashton iliyotolewa mwaka 1944 iliweka suala la kiimbo hadi katika jina lake, jambo ambalo vitabu vingi vya sarufi havikufanya.

Adabu

Uchaguzi wa kijineno hutegemea uhusiano wa wanaozungumza. Vijineno vinavyodai kwamba msikilizaji alipaswa kujua au kutenda jambo fulani, kama "si", "mbona" na "kwani", ni vyepesi kati ya marafiki wa rika moja, lakini mtoto akimwambia mzazi wake "Si nilikuambia?" huonekana amekosa heshima. Anayezungumza na mkubwa wake kwa kawaida huanza na neno la heshima au la ukoo ("mama", "baba", "mzee", "shangazi"), hushusha sauti, au hugeuza lalamiko kuwa ombi. "Bwana" la mazoea, kama katika "Acha bwana", vilevile haliendi kwa mtu anayestahili "shikamoo".

Kwa upande mwingine, kukosa vijineno kabisa huweza kuonekana kama ubaridi. Ujumbe wa simu wenye neno moja "Njoo" husomeka kama amri. "Njoo basi" au "Njoo tu" hubeba mwito uleule, lakini wa kwanza hubembeleza na wa pili hukaribisha. Mgeni aliyejifunza sarufi vizuri bila vijineno huweza kusema sentensi sahihi na bado akaonekana mkali.

Asili

Vijineno vingi vilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuwa vijineno. Ukanusho "si" umekuwa alama ya kukumbusha kwa njia ya swali: anayeuliza "je, si kweli kwamba...?" hutarajia jibu la kukubali, na kutoka hapo neno limebaki na maana ya kukubaliana. "Bwana" na "jamani" yametoka katika kuitana. "Sasa" limetoka katika kutaja wakati.

Mengine yametoka katika lugha nyingine. "Basi" lina asili ya neno "bas" la Kiajemi lenye maana ya "inatosha", ambalo pia linatumika katika Kiarabu cha mazungumzo na katika Kihindi na Kiurdu. "Lakini" limetoka Kiarabu. Lugha hukopa vijineno kwa urahisi kwa sababu havihitaji kuingizwa katika ngeli wala mnyambuliko. Mwelekeo wa kinyume upo pia: Wakenya wengi wanapozungumza Kiingereza huacha "kwani", "kumbe", "ati" na "si" zikae palepale ambapo zingekaa katika Kiswahili.

Tofauti za mahali

Vijineno vikuu vinafahamika kote ambako Kiswahili kinazungumzwa Afrika Mashariki, ila vinatofautiana kwa wingi wa matumizi. Nchini Kenya "ati" husikika zaidi ya "eti", na "si" ya kupendekeza ("Si twende") ni ya kila siku. Wakenya, hasa vijana, hutumia pia "haki", mara nyingi kwa umbo "aki", kwa kuapa au kusihi. Nchini Tanzania "eti", "jamani" na "aisee" husikika sana.

Katika sarufi na kamusi

Shule hufundisha aina za maneno, kwa kawaida nane: nomino, viwakilishi, vivumishi, vitenzi, vielezi, viunganishi, vihusishi na vihisishi. Vijineno vya mazungumzo havina kundi lao katika orodha hiyo, hivyo hugawanywa. "Kwani" na "basi" huwekwa katika viunganishi, "tu" katika vielezi, "kumbe" katika vihisishi, na "mbona" katika maneno ya kuulizia. Mgawanyo huo si wa makosa, lakini unaficha kazi inayoyaunganisha maneno haya. Mwanafunzi anayechanganua "Njoo basi" kwa kusema kwamba "basi" ni kiunganishi atashindwa kueleza linaunganisha nini na nini.

Kamusi nazo hukabili ugumu. Maana ya "meza" huweza kuelezwa kwa kutaja kitu. Maana ya "kumbe" huelezwa kwa kutaja hali ambayo mtu hulitumia. Kwa sababu hiyo mifano ya sentensi ni muhimu zaidi kuliko visawe.

Katika tafsiri na ushahidi

Vijineno ni miongoni mwa maneno magumu kutafsiri, kwa kuwa lugha nyingi hazina neno linalolingana nayo moja kwa moja. Mfasiri huweza kutumia kitenzi ("naona", "nasikia"), kubadili mpangilio wa maneno, au kukiacha kijineno. Katika mazungumzo ya kawaida hasara ya kukiacha ni ndogo. Katika ushahidi huweza kuwa kubwa.

Shahidi akisema "Alisema amelipa" anaripoti maneno tu. Akisema "Alisema eti amelipa" anaripoti maneno hayohayo na kueleza kwamba hakuyasadiki. Tafsiri isiyo na "eti" huzifanya kauli hizo mbili kuwa moja. Vilevile, mlinzi akisema "Mlango ulikuwa wazi" hajasema alijua lini. Akisema "Kumbe mlango ulikuwa wazi" anaeleza kwamba wakati jambo linatokea hakujua, akatambua baadaye. Pale ambapo suala ni nani alijua nini na kwa wakati gani, neno hilo moja ni sehemu ya ushahidi.

Jambo hili linahusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Kwa miaka mingi mashahidi katika mahakama nyingi walizungumza Kiswahili huku kumbukumbu ikiandikwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania mahakama za mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama kwa jumla. Kumbukumbu inayoandikwa kwa lugha ya shahidi inaweza kuhifadhi vijineno vyake, mradi mwandishi asiviondoe kwa kuviona kuwa maneno ya mitaani.

Katika lugha nyingine

Vijineno vya aina hii vinapatikana katika lugha nyingi duniani:

- Kijerumani kina "doch", "ja", "mal", "halt" na vinginevyo. "Ja" ndani ya sentensi huonyesha kwamba msikilizaji tayari analijua jambo, karibu na "si" ya Kiswahili. "Mal" hulegeza amri, karibu na "hebu".
- Kijapani huviweka mwishoni mwa sentensi. "Ne" hutafuta makubaliano, na "yo" huonyesha kwamba msemaji anampa mwenzake habari asiyokuwa nayo.
- Kichina cha Mandarini kina "ba" ya kupendekeza au kukisia, pamoja na "ne" na "a".
- Kiingereza kinachozungumzwa Singapore kinajulikana kwa kijineno "lah" cha mwisho wa sentensi.
- Kigiriki cha kale kilikuwa na vijineno vingi kiasi kwamba J. D. Denniston aliviandikia kitabu kizima mwaka 1934.

Kwa muda mrefu walimu wa mtindo mzuri wa uandishi waliviona vijineno kama uchafu. Ludwig Reiners, mwandishi wa Kijerumani, alivifananisha na chawa. Mtazamo huo ulibadilika wanaisimu walipoanza kuchunguza mazungumzo halisi. Mwaka 1969 Harald Weydt alitoa utafiti kuhusu vijineno vya Kijerumani na namna Kifaransa kinavyotoa maana hizo kwa njia nyingine, na mwaka 1987 Deborah Schiffrin alichapisha kitabu kuhusu maneno ya aina hii katika Kiingereza cha mazungumzo. Tangu hapo vijineno huchukuliwa kuwa sehemu ya mfumo wa lugha yenye kanuni zake, na mzungumzaji mzawa hutambua mara moja kijineno kikikaa mahali pasipostahili, hata kama hawezi kueleza kanuni iliyovunjwa.